Uliza Fundi: Mama, hiyo Dell usiitupe

SWALI: Fundi hujambo. Niko na saiba ndogo Kayole, mashine nne tu. Moja ni Dell OptiPlex 7010, ile nyembamba, nilinunua mtumba imetoka Uingereza. Iko na prosesa ya i5-3470, RAM GB 4 na hadidiski ya GB 500. Sai imekuwa polepole sana, mteja akija kujaza ritani ya KRA naona aibu vile anangoja. Nikaongeza RAM ingine GB 4 nikaambiwa itakuwa poa, lakini mashine inaandika ina GB 8 na pembeni inasema inayotumika ni 3 na pointi. Fundi wa hapa mtaani anasema imefika mwisho nitupe. Tena kijana wangu anataka tuweke kadi ya grafiki ya GTX 1660, rafiki yake anauza. Nishauri. – Mama Saiba, Kayole

JIBU: Sijambo mama. Usiitupe, tafadhali. Hiyo mashine ni ya 2012 ndio, lakini prosesa yake iko na kori nne na kwa kazi ya saiba bado ina nguvu ya kutosha kabisa. Shida iko mahali pengine na nitakuonyesha.

Kwanza hiyo RAM. RAM yako haijaharibika na hukuuziwa feki. Aliyekuwekea Windows aliweka ya biti 32, na hiyo haiwezi kuhesabu kupita GB 4 hata ukiweka RAM ngapi, na ndani ya hizo 4 kuna kipande kinatengewa vifaa vingine ndio maana unaona 3 na pointi. Fungua pale pa maelezo ya mfumo uangalie aina yake, utaona imeandikwa 32. Prosesa yako inakubali biti 64 bila shida, kwa hivyo ni kuweka mfumo upya, lakini huwezi kuruka moja kwa moja kutoka 32 hadi 64, ni kufuta na kuanza, basi toa faili zako zote kwa flashi kwanza, hata zile skani za wateja uliacha kwa desktop.

Hiyo bodi iko na sloti nne za RAM ya DDR3 na inabeba hadi GB 32, yaani 8 kila sloti. Hauhitaji zote. GB 8 zako zinatosha kazi ya KRA na eCitizen na kuchapisha, na ukitaka kuongeza weka mbili mbili zinazofanana kwenye sloti zenye vishikio vya rangi moja.

Sasa ugonjwa wenyewe. Kama pesa ni ya kitu kimoja tu mwezi huu mama, nunua SSD, ile diski ya kisasa inachukua nafasi ya hadidiski. Si RAM, si prosesa. Hadidiski ya zamani iko na sahani inazunguka na sindano inatafuta faili huku na kule, na Windows ya siku hizi inaomba vitu vidogo vidogo mia kwa wakati mmoja, ndio unaona taa ya diski haizimi na panya imeganda. SSD haina kitu kinazunguka. Niliwahi kubadilisha kwa mashine kama yako, hiyo hiyo i5, mwenyewe alikuwa anaiwasha asubuhi halafu anaenda kufagia mbele ya duka ndio arudi ipate kufunguka, baada ya SSD alibaki amesimama na ufagio mkononi. Nunua ya SATA, yaani ya waya kama hadidiski yako, ya inchi 2.5. Usikubali kuuziwa ile nyembamba ya NVMe, hiyo bodi haina sloti yake, na hata ukiiweka na adapta, BIOS ya hiyo mashine (programu ndogo inayoiwasha kabla ya Windows) haiwezi kuwaka kutoka kwayo.

Kufungua hauhitaji bisibisi, unavuta lachi ya kifuniko, na sehemu za kushika ndani ni za buluu. Chomoa waya ya stima kwanza. Ikiwaka tena inaweza kukuandikia kwamba kifuniko kilifunguliwa, usishtuke. Na ukiwa hapo ndani toa vumbi. Vumbi la Kayole unalijua, linakaa kwa feni ya prosesa kama blanketi, mashine inapata joto na inajipunguzia spidi yenyewe.

Kadi ya kijana, hapana. Pawa saplai ya hiyo nyembamba ni wati 240 kwa mashine nzima. GTX 1660 peke yake inakula wati 120 na inataka waya yake ya pini nane ambayo hapo ndani haiko, na kadi yenyewe ni ndefu kwa kimo, kifuniko hakitafunga. Sloti ni za kadi fupi, nusu kimo. Kama anataka kitu cha kudizaini posta na gemu nyepesi, GT 1030 ya nusu kimo inakula wati 30 tu na haitaki waya, ila achague yenye memori ya GDDR5, kuna ingine ya DDR4 yenye jina hilo hilo na iko chini sana.

Kitu cha mwisho, na hiki nakuomba usipuuze. Microsoft waliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za Intel za kuanzia kizazi cha nane, yako ni cha tatu na TPM yake ni 1.2. Watu wanaingiza paswadi za KRA kwa hiyo mashine yako, mama. Vile unaanza upya, jaribu Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, ni bure na ina Firefox ya mtandao na LibreOffice ya kuandika. Iweke kwa flashi, bonyeza F12 ikiwaka, uijaribu bila kufuta kitu, na uhakikishe printa yako inachapisha kabla hujaamua.

SWALI: Kompyuta yangu ya zamani kila stima ikipotea tarehe inarudi miaka nyuma na eCitizen inakataa kufunguka, inasema tovuti si salama. Ni virusi? – Umoja

JIBU: Si virusi ndugu yangu, ni betri. Kuna betri ya duara kwa mazabodi, CR2032 ya volti 3, ndiyo inashikilia saa stima ikienda. Tarehe ikikosea, brauza inaona cheti cha tovuti kana kwamba bado hakijaanza kutumika, inakataa. Badilisha, halafu ingia BIOS na F2 au F10 kulingana na mashine, weka tarehe na uangalie mipangilio ya SATA (ile ya diski) iko vile ilikuwa, saa zingine inajibadilisha na Windows inakataa kuwaka.

SWALI: Nilisoma mtandaoni OptiPlex 7010 inatumia DDR4, nikanunua, haiingii kwa sloti. Nisukume? – Mwanafunzi, Kasarani

JIBU: Usisukume! Utavunja sloti. Dell walirudisha jina 7010 mwaka 2023 kwa mashine mpya kabisa, hiyo ndiyo ulisoma. Kama yako ni ya 2012 ni DDR3, kile kijipengo cha katikati kiko mahali tofauti makusudi. Angalia nyuma ya boksi kuna namba ya Service Tag ya herufi na tarakimu saba, iingize kwa tovuti ya Dell itakuambia mashine ilitoka na nini, halafu rudisha hiyo RAM leo leo kabla risiti haijapotea.