Pants ni suruali au chupi?

Mmoja anasema neno la Kiingereza "pants" ni suruali, mwingine anasema ni chupi. Wote wawili mko sawa, inategemea unaongea na nani. Mmarekani akisema "pants" anamaanisha suruali ya kawaida tu, ila Mwingereza ukimwambia umemwagia chai pants zako atacheka maana kwake hiyo ni nguo ya ndani, chupi au boksa, suruali yeye anaiita "trousers". Fungua kamusi ya Oxford utakuta zote mbili zimo. Neno limekatwa kutoka "pantaloons", ambalo lilipitia Ufaransa likitokea Italia, kule kwenye maigizo ya zamani kulikuwa na mhusika anaitwa Pantalone, mzee mfanyabiashara wa Venice, bahili kupindukia, kavaa kitu chekundu cha kubana miguu, basi jina la mzee likahamia kwenye nguo. Kulifupisha ni kazi ya Wamarekani karne ya 19, na wasomi wengine enzi hizo waliliona la kihuni kabisa. Ila msikaze sana, kaskazini mwa Uingereza, mfano Lancashire, wapo wanaoita suruali pants vilevile. Na hata ikiwa moja sema "a pair of pants", "a pant" waachie watu wa fasheni.