Ripoti za NECTA za hesabu: anzeni na yale majibu mabovu

Dada, umeeleza kwamba mdogo wako yuko kidato cha nne, mock (mtihani wa majaribio) ya Basic Mathematics kapata 22, ukampakulia ripoti za NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, akazisoma zote na bado hajasogea. Ripoti hizo ni msaada mkubwa na ni za bure, ila ukizisoma kama gazeti unafunga ukurasa wa mwisho mikono mitupu. Zinataka kalamu, karatasi na saa mezani.

Kila swali kwenye ripoti lina sehemu zilezile: swali lenyewe, lilipima nini, wangapi walifanya vibaya, wastani na vizuri, maelezo ya makosa yaliyojirudia, halafu picha za majibu ya watahiniwa wenyewe kwa mwandiko wao, moja bovu na moja zuri. Nyuma kuna jedwali la mada lenye rangi: kijani ni mada ambayo asilimia 65 hadi 100 ya watahiniwa walifaulu, njano 30 hadi 64, nyekundu chini ya 30. Wengi wanakimbilia jedwali hilo ili kujua mada ipi "ngumu" waikwepe. Wanajidanganya. Mada moja inaweza kuwa nyekundu mwaka huu na njano mwaka unaofuata kwa sababu tu swali lilitungwa kwa namna nyingine. Mali yote iko kwenye ile picha ya jibu bovu.

Afanye hivi. Achukue swali moja la mwaka mmoja, alifanye mwenyewe bila kufungua ripoti, kwa muda wa mtihani. Akimaliza afungue ripoti kwenye picha ya jibu bovu tu, afunike maelezo yaliyo chini yake kwa karatasi, atafute mstari wa kwanza uliokosewa na aandike kwa maneno yake kwa nini umekosewa. Ndipo asome maelezo ya watahini aone kama wamekubaliana. Jibu zuri liwe la mwisho kabisa. Akianza na jibu zuri ataona kila kitu kinaeleweka, na kesho akipewa karatasi tupu hajui aanzie wapi. Swali moja kwa mtindo huu linakula kama dakika 40, na mawili kwa siku yanatosha.

Chukua swali la logi: log x + log(x − 3) = 1, kizio 10. Jibu bovu la kawaida ni kufuta neno log na kubaki na x + x − 3 = 10, kisha x = 6.5. Aliyeandika hivyo anajua kuwa 1 ni log 10, kwa hiyo hajapotea kabisa. Alichosahau ni kwamba kujumlisha logi ni kuzidisha namba zilizo ndani yake. Ilitakiwa x(x − 3) = 10, yaani x² − 3x − 10 = 0, inayotoa x = 5 au x = −2. Hapo kuna mtego wa pili: −2 lazima ikataliwe, na sababu iandikwe, kwa kuwa logi ya namba hasi haipo. Mwanafunzi akiona makosa haya mawili yametengana hivi, anajua la kwanza linatibiwa kwa kurudia kanuni, na la pili kwa mazoea ya kurudisha jibu kwenye swali la mwanzo.

Kwenye takwimu, kosa sugu ni mpaka wa kundi. Tuseme watu ni 40, mediani iko kundi la 50–59, waliotangulia ni 14, na kundi lenyewe lina 10. Nusu ya watu ni 20, upana wa kundi ni 10, na mpaka halisi wa chini ni 49.5, hivyo mediani ni 49.5 + (20 − 14) ÷ 10 × 10 = 55.5. Anayeweka 50 anapata 56. Kanuni ameijua, hesabu kapiga sawa, na maksi imepotea kwa nusu moja tu. Wengine hukosea upana wa kundi na kuandika 9, wametoa 50 kwenye 59.

Dunia kama tufe nayo ina lake. Tanga na Kigoma ziko karibu na latitudo 5° kusini, longitudo 39° na 30° mashariki. Zote ni mashariki, kwa hiyo unatoa na kupata 9°. Kama moja ingekuwa magharibi ungejumlisha. Umbali kwa kufuata latitudo hiyo ni 9/360 × 2 × 3.14 × 6400 × cos 5°, karibu kilomita 1,001 (6400 ni nusu kipenyo cha dunia kwa kilomita). Ukisahau cos 5° unapata kama 1,005. Tofauti ni ndogo na mwanafunzi anaweza kudhani amepatia, lakini msahihishaji anaangalia kama cos ipo kwenye mstari. Swali likija na latitudo 60°, kosa lilelile linatoa umbali mara mbili ya unaotakiwa.

Swali la namba, ambalo wengi wanaliona la bure, linapoteza watu kwenye kukadiria. 0.004562 kwa tarakimu tatu za maana ni 0.00456. Anayeandika 0.005 amekadiria kwa nafasi tatu za desimali. Hapo lugha ndiyo imemwangusha, na ripoti zinalisema jambo hilo mara kwa mara: mtihani uko kwa Kiingereza. Awe na ukurasa wa maneno ya mtihani pekee. "At least" ni ≥, "at most" ni ≤, "hence" maana yake tumia ulichopata juu, usianze upya. Lile swali la kutafuta faida kubwa kwa grafu huharibikia kwenye maneno haya, na pia kwa kusahau kuandika x ≥ 0 na y ≥ 0.

Kila kosa liingie kwenye daftari kwa aina yake: sikuelewa swali, sikujua kanuni, nilikosea kukokotoa, au sikumalizia. Baada ya wiki moja afanye swali la mada hiyohiyo la mwaka mwingine. Akirudia kosa lilelile, ndipo anahitaji mwalimu. Aende na karatasi ya mock yenyewe, amwonyeshe mstari na aulize, "Mwalimu, hapa ningeandika nini ili nipate maksi?" Swali la namna hiyo linajibiwa kwa dakika mbili. Akiuliza kwa nini amefeli ataambiwa aongeze bidii.

Kingine, asiache swali tupu. Maksi hugawanywa kwa hatua, hata nusu nusu, na maelekezo ya mtihani yanataka kazi yote ionekane wazi. Kanuni iliyoandikwa vizuri na namba zikaingizwa sehemu zake inaweza kuleta maksi hata kama mwisho umekosewa. Na kwa kuwa kikokotoo hakiruhusiwi, azoee kitabu cha majedwali ya hisabati kuanzia sasa: kutafuta cos, logi na vipeuo vya pili bila kuruka mstari.

Kuhusu malengo, D inaanzia 30 na C 45. Kwa mpangilio uliozoeleka, sehemu A ina maswali 10 ya maksi 6, na B ina manne ya maksi 10. Maswali mawili ya B na mawili ya A yakifanywa sawasawa ni 32. Mimi ningeanza na takwimu, uhasibu, seti na mfuatano wa namba, kwa sababu njia zake hazibadilikibadiliki. Uhasibu hasa unaonewa bure: gharama ya bidhaa zilizouzwa ni mali ya mwanzo, jumlisha manunuzi, toa mali iliyobaki. Wengi wanasahau kutoa hiyo ya mwisho. Akishika hizo ndipo aingie logi, matriksi na mlinganyo wa kipeo cha pili.

Muda ni saa 3. Dakika 10 kwa kila swali la A na 16 kwa kila la B zinafika 164, zinabaki 16 za kurudia. Dakika hizo azitumie kukagua alama za kutoa, vipimo kama sm² au km, na kama jibu limekadiriwa kwa namna swali lilivyotaka. Afanye mtihani mzima kwa saa hizo kila Jumamosi, na Jumapili asahihishe na ripoti ya mwaka huohuo.