Kuhusu chupa ya zamani ya crème de cassis

Dada, umeuliza kama ile crème de cassis (likeri, yaani pombe tamu) ya Dijon, Ufaransa, uliyoachiwa na babu bado inanyweka. Mimi nisingeifungua. Likeri hii ni matunda madogo meusi ya cassis yaliyolowekwa kwenye pombe, kisha sukari nyingi, angalau gramu 400 kwa lita. Kilevi chake ni asilimia 15 hadi 20 hivi, kwa hiyo haihimili miaka kama konyaki: zambarau hugeuka kahawia, harufu ya tunda hufifia. Thamani iko kwenye lebo, kizibo na lakiri, tafadhali usiioshe chupa! Isimamishe wima, gizani. Ukitamani kir, kinywaji cha mvinyo mweupe uliochanganywa na likeri hii, kilichopewa jina la padre Félix Kir, meya wa Dijon 1945 hadi 1968, nunua chupa mpya.