Usiniletee mada, niletee swali

Wiki iliyopita jarida la kisayansi limenijibu: makala yangu ya utafiti kuhusu kuanika dagaa imekubaliwa. Nimeitangaza kwenye kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja, na pongezi hazijakauka nikapata ujumbe wa kijana mmoja wa Kasulu aliye mwaka wa mwisho chuoni. "Dada shikamoo, hongera sana. Naomba unisaidie mada ya utafiti. Na kama una makala iliyokwisha andikwa nitumie, nitabadilisha kidogo tu." Najibu hapa kwa sababu najua hayuko peke yake.

Mdogo wangu, mada sina. "Uvuvi katika Ziwa Tanganyika" ni mada, na ukiishika hiyo utajaza kurasa mia bila kumwambia mtu kitu. Makala ya utafiti ni swali moja, jibu lake, ushahidi wa jibu hilo, na maelezo ya namna ulivyoupata ushahidi, yaliyonyooka kiasi kwamba mtu asiyekujua anaweza kuirudia kazi yako akaona kama umesema kweli. Tasnifu, ile kazi ndefu ya kumalizia chuo, inabeba kila ulichosoma ili msimamizi ajue umesoma. Jarida halina shida ya kujua umesoma nini. Linataka kujua umegundua nini.

Tazama ziwa letu hili. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha makala kwenye jarida la Nature wakiuliza kama kuongezeka kwa joto kumepunguza uzalishaji wa ziwa. Wakajibu ndiyo: maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye virutubisho, mimea midogo inapungua, na samaki nao wanapungua. Walikadiria uzalishaji ulishuka kwa asilimia 20 hivi, na kwamba mavuno ya samaki yanaweza kuwa yameshuka kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2006 Jouko Sarvala na wenzake wakapinga: kiasi cha samaki kinachovuliwa kinaonyesha zaidi namna watu wanavyovua kuliko hali ya hewa. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake wakaja na tope lililochimbwa chini ya ziwa, wakasoma mabaki ya samaki tabaka kwa tabaka, wakasema kupungua kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara wa katikati ya karne iliyopita. Umeona? Hakuna aliyeandika "kuhusu ziwa". Kila mmoja alikuja na swali lake na kitu mkononi, wakajibizana. Na mabishano haya si ya vitabuni tu. Uvuvi uliposimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, waliokaa bila kipato ni jirani zangu.

Mimi nimezaliwa Katonga, hapa Kigoma kando ya ziwa, na mama yangu anaanika dagaa. Masika dagaa wanaponyeshewa mchangani wanaharibika, na yule ambaye angeuzwa kwa chakula cha watu anaishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Swali langu likawa hili: mvua zinapokuwepo, chanja, yaani kichanja cha mbao na wavu kilichoinuliwa juu ya ardhi, inaokoa kiasi gani cha dagaa ukilinganisha na mchanga? Siku ya kuwasilisha pendekezo, mhadhiri mmoja alinikatisha mbele ya darasa zima: "Hilo kila mama sokoni analijua. Sayansi iko wapi?" Watu wakacheka. Miaka imepita na bado nikikumbuka kile kicheko moyo unanichoma.

Jibu ambalo sikupewa nafasi ya kulitoa siku ile ni hili. Kujua kwamba chanja ni bora ni jambo moja. Kujua ni bora kwa kiasi gani, na kama hicho kiasi kinarudisha gharama ya mbao na wavu, ni jambo jingine, na hilo hata mama alikuwa halijui kwa sababu hakuwahi kupima. Kwa hiyo tukapima. Dagaa walitoka kwenye ndoo moja, wakagawanywa nusu kwa nusu, nusu chanjani na nusu mchangani. Ukichukua ndoo ya mtumbwi huu kwa ajili ya chanja na ya mtumbwi ule kwa ajili ya mchanga, tofauti utakayoipata inaweza kuwa ya samaki waliochelewa kufika mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wala chanja haihusiki. Halafu dagaa wa mchangani hushikwa na mchanga, na mchanga una uzito. Tuliwapepeta kwanza, ndipo wakapanda kwenye mizani. Mama ndiye aliyenionyesha hilo. Alisema, "Mwanangu, hapo unapima ufukwe."

Kuhusu kuandika kwenyewe sina mengi. Anza na majedwali na matokeo, fuata na mbinu, kisha mjadala. Utangulizi na ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzoni, viache mwisho, kwa sababu huwezi kumtambulisha mgeni ambaye hajafika. Na kila aya jiulize inajibu lile swali au hapana. Isiyojibu itoe, hata kama uliipenda.

Sehemu ya mbinu ndiyo inayodharauliwa, na ndiyo iliyotaka kuniangusha. Mhakiki mmoja, yaani mtaalamu anayeikagua makala kwa niaba ya jarida, ambaye jina lake sikupewa, aliuliza kwa nini kila mwezi kuna siku zisizo na takwimu, akadokeza kwamba huenda nimeficha zilizoniharibia. Nilikasirika nikashindwa kula. Mtu yeyote wa Kibirizi au Ujiji anajua kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki, basi mitumbwi inapumzika. Lakini mhakiki hakuzaliwa Kibirizi. Niliandika aya moja kuhusu mbalamwezi na uvuvi wa taa, hoja ikaisha. Usimwandikie jirani yako. Mwandikie mtu wa mbali anayekushuku, umpe kila kitu anachohitaji ili aache kukushuku.

Utaletewa pia barua pepe za kukuita profesa na kukuahidi kuchapisha makala ndani ya siku chache ukilipa. Achana nazo. Jarida la kweli lina wahariri wanaojulikana na wahakiki wanaokusumbua. Kama hakuna aliyekusumbua, hakuna aliyekusoma.

Sasa la mwisho, na hili nasema nikiwa na uchungu. Makala ilipokaribia kwenda, mtu mmoja mwenye cheo, ambaye hakuwahi kukanyaga mwaloni wala kusoma rasimu, aliniambia jina lake litangulie, langu lifuate. "Ndivyo inavyofanyika," alisema. Nikakataa. Barua niliyohitaji saini yake ikalala mezani kwake mpaka nikatafuta njia nyingine. Vigezo vinavyofuatwa na majarida mengi, vya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ni vinne: uwe umechangia kazi kwa kiasi kikubwa, umeshiriki kuiandika au kuihakiki, umeidhinisha toleo la mwisho, na uko tayari kuwajibika kwa kilichomo. Cheo hakimo. Kwa hiyo kabla hujapima hata samaki mmoja, kaeni wote mnaohusika, andikeni kwenye karatasi nani atafanya nini na majina yatapangwaje, kila mtu apate nakala. Ukiona mtu anakwepa kikao hicho, fanya naye kazi kwa tahadhari. Wazee tuwaheshimu, tuwaamkie, tuwabebee mizigo, lakini jasho la mtu tusiligawe kama pipi.