Jibu: INSERT OR REPLACE inagoma kwenye PostgreSQL

Yakhe, hiyo INSERT OR REPLACE (amri ya kutia data, na ikiwa ishakuwepo iwekwe mpya badala yake) ulouliza kwa nini kwenye laptop yenye SQLite inakwenda na kwenye sava yenye PostgreSQL inagoma, hiyo ni ya hifadhidata ya SQLite, PostgreSQL haiijui kabisa. Na SQLAlchemy, ile maktaba ya Python ya kuzungumza na hifadhidata, haina kosa, ukiiandika SQL kwa mkono ndani ya text() yake inaipeleka vivohivo, haikugeuzii kitu. Iwachie iijenge SQL yenyewe: insert usichukue ile ya kawaida, chukua ya sqlalchemy.dialects.postgresql, hiyo ndo yenye on_conflict_do_update (data ikiwa ishakuwepo inaibadilisha), ya SQLite nayo ipo na jina hilohilo, ila siku ukihamia MySQL utakuta on_duplicate_key_update.

Ukitaka kuiona SQL kabla hujairusha, ita compile uipe dialekti (lahaja ya SQL) ya postgresql kisha print. Usishtuke ukikuta thamani hazimo, ndo inavotakiwa, zinapelekwa kando na hiyo SQL.

Tena hiyo REPLACE mi hata huko SQLite siipendi, inafuta safu mlalo (row) ya zamani yote inatia mpya, sasa kwenye tebo yako ya wakulima wa karafuu ukibadilisha namba ya simu tu bila kutaja shehia, shehia ndo ishapotea hiyo.

Ikigoma tena tupia eror yote hapa, si mstari wa mwisho tu.