Mfamasia mtarajali wodini Moshi: ufanye nini kabla ya raundi, na utafiti utoke wapi

Mdogo wangu, umeuliza mambo mawili. La kwanza, umepangiwa wodi ya magonjwa ya ndani hapa Moshi na kwenye raundi unasimama nyuma mpaka inaisha bila kuwa na la kusema. La pili, msimamizi anataka wazo la utafiti na huna. Waliotangulia kuchangia wamekujibu kama maswali mawili, ila kwangu hilo ni swali moja. Karatasi unayoijaza ukiwa kitandani kwa mgonjwa ndiyo itakayokupa la kusema kwa daktari, ndiyo utakayomfundishia mwanafunzi, na hiyo hiyo ndiyo data yako. Ikijazwa ovyo, vyote vitatu vimekwenda.

Kazi inafanyika kabla ya raundi. Raundi ikianza saa 3 asubuhi, saa 1 na nusu uwe wodini. Wagonjwa wote 40 hutawamaliza, usijaribu. Anza na waliolazwa jana na usiku wa kuamkia leo, halafu wenye dawa zaidi ya tano, wenye kreatinini (kipimo cha damu cha figo) iliyopanda, wanaotumia wafarini ya kuzuia damu kuganda, insulini, fenitoini ya degedege, dawa za TB au ARV, na wanaotarajiwa kuruhusiwa. Wanane uliowapitia vizuri wana faida kuliko 30 uliowachungulia.

Hatua ya kwanza ni orodha ya dawa za nyumbani, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa namna wanavyouliza. Ukimuuliza bibi wa Kibosho "unatumia dawa gani?" atakujibu hatumii dawa, kwa sababu vidonge vya presha alivyovimeza miaka yote havihesabu tena kama dawa. Uliza hivi: "Shikamoo bibi. Asubuhi ukiamka, kabla ya chai, unameza nini? Na usiku? Magoti yakiuma unanunua nini dukani? Kuna sindano unachomwa kliniki? Kuna mizizi au majani unachemsha?" Mbege na pombe nyingine uliza kwa sauti ile ile, usibadilishe uso, maana mgonjwa wa TB anayemeza isoniazidi huku anakunywa kila jioni ini lake liko hatarini na hatakwambia akiona unamhukumu.

Kisha mwombe ndugu anayeleta uji aje na mfuko mzima wa dawa. Majina ya kusomewa kwa simu hayatoshi. Ukipata mfuko, hesabu vidonge. Tuseme alipewa vidonge 60 vya glibenklamaidi, dawa ya kisukari, tarehe 1, ameze viwili kwa siku. Asubuhi ya tarehe 21, kabla hajameza, vinatakiwa vibaki 20. Ukikuta 45, dawa haijashindwa, hajaimeza. Daktari akiongeza dozi kwa kuangalia sukari peke yake, na muuguzi akampa kila dozi kwa wakati, sukari inaweza kuporomoka. Hilo tayari ni jambo la kusema kwenye raundi, na hakuna mwingine pale anayelijua.

Mfuko huo ndio utakaokuonyesha diklofenaki ya duka la dawa muhimu. Mzee yupo kwenye enalaprili na furosemaidi za moyo, magoti yanauma, ananunua diklofenaki bila cheti. Diklofenaki inabana mshipa unaoingiza damu kwenye chujio la figo, enalaprili inalegeza ule unaoitoa, furosemaidi inapunguza maji mwilini. Presha ya kuchujia inaanguka na kreatinini inapanda. Kwenye faili ataandikwa kuwa figo zinafeli, na diklofenaki haitaonekana popote mpaka wewe uiandike.

Kama ana kadi ya CTC, yaani kliniki ya wanaotumia ARV, iombe. Mgonjwa wa dolutegraviri (ARV) miligramu 50 akianzishiwa rifampisini ya TB, dolutegraviri inakwenda mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12. Akiwa na metfomini ya kisukari, jumla ya siku isizidi miligramu 1000, kwa kuwa dolutegraviri inapandisha kiwango chake kwenye damu. Rifampisini yenyewe inashusha nguvu za wafarini, glibenklamaidi na vidonge vya uzazi wa mpango. Mwanamke wa umri wa kuzaa aliyeanza dawa za TB aulizwe njia anayotumia, hata kama amelazwa kwa jambo jingine.

Baada ya hapo, figo. Usiishie kusoma kama kreatinini "iko juu" au "iko sawa", piga hesabu. Kwa kreatinini ya mikromoli kwa lita, kanuni ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976, inayokadiria figo zinasafisha mililita ngapi kwa dakika, inakuwa: (140 toa umri) mara uzito wa kilo mara 1.04 kwa mwanamke au 1.23 kwa mwanamume, gawanya kwa kreatinini. Maabara yako ikitoa majibu kwa miligramu kwa desilita, zidisha kwanza kwa 88.4. Bibi wa miaka 70, kilo 50, kreatinini 150: 70 × 50 × 1.04 ÷ 150, unapata kama mililita 24 kwa dakika. Kwa namba hiyo metfomini isimame, enoksaparini (sindano ya kuzuia damu kuganda) ya matibabu iwe miligramu 1 kwa kilo mara moja kwa siku badala ya mbili, na jentamaisini, antibayotiki inayoumiza figo, itafutiwe mbadala. Seftriaksoni, nayo antibayotiki, kwa dozi ya kawaida inaendelea bila kupunguzwa. Kanuni hii haifai kreatinini inapopanda au kushuka kila siku, inataka iliyotulia. Na uzito upime. Uzito wa kukisia ndio unaoharibu hesabu hii kuliko kitu kingine, na mizani ya wodi mara nyingi ipo ila imesukumwa stoo.

Ukisoma chati ya dawa, tenganisha mambo matatu: iliyoandikwa, iliyotolewa, na iliyomfikia mgonjwa. Kisanduku kitupu kwenye chati kinaweza kuwa na maana kwamba dawa haikuwepo, ndugu walikuwa hawajaenda kununua, mgonjwa alikuwa amepelekwa kupigwa eksirei, au muuguzi alitoa akasahau kusaini. Sababu hizo nne zina suluhisho nne tofauti. Muulize muuguzi wa zamu kabla hajaondoka, akishakabidhi hutajua tena.

Kuhusu kuongea na daktari: usisubiri mbele ya profesa na wanafunzi kumi. Mfuate daktari wa wodi dakika chache kabla, ukiwa na namba, tatizo na pendekezo. "Dokta, bibi wa kitanda namba 6, kreatinini imetoka 90 hadi 150 ndani ya siku tatu, bado yuko kwenye jentamaisini. Naomba tuisimamishe leo, na kwa mujibu wa majibu ya kuotesha vijidudu vya mkojo tunaweza kutumia seftriaksoni." Ukisema tu "hii dozi si sahihi" umemwachia kazi, na pengine umemuudhi.

Sasa uchanganyaji wa dawa wodini. Hapa wauguzi wanahitaji mfamasia kuliko wanavyosema, na huwa naona ndipo mtarajali anapopata heshima haraka. Ampuli ya potasiamu kloraidi ya mililita 10 ya asilimia 15 ina gramu 1.5, yaani milimoli 20. Ampuli moja kwenye chupa ya mililita 500 inatoa milimoli 40 kwa lita, na hicho ndicho kikomo cha kawaida kwa mshipa wa mkono. Kasi isizidi milimoli 10 kwa saa, kwa hiyo chupa hiyo haimaliziki chini ya saa mbili. Haichomwi moja kwa moja kwenye mshipa kwa hali yoyote, moyo unasimama. Kosa linalojirudia ni kuiongeza kwenye chupa ambayo tayari imening'inia: potasiamu ni nzito, inakaa chini karibu na mdomo wa mpira, na mgonjwa anapokea karibu yote mwanzoni. Chupa ishushwe, dawa iwekwe, igeuzwe juu chini mara kumi, ndipo itundikwe na lebo yake.

Fenitoini inachanganywa na salaini tu. Ukiiweka kwenye dekstrosi inaganda, na ukiinua mpira kwenye mwanga wa dirisha utaona chembe nyeupe zinaelea. Mgonjwa wa kilo 60 wa dozi ya kuanzia ya miligramu 20 kwa kilo anahitaji 1200, na kwa kasi isiyozidi miligramu 50 kwa dakika hiyo ni dakika 24 au zaidi. Mzee, nenda nusu ya kasi hiyo. Seftriaksoni isipitishwe pamoja na maji ya dripu ya Ringa, yana kalsiamu. Kwa mtu mzima safisha mpira kwa salaini katikati, kwa mtoto mchanga wa siku 28 au chini anayehitaji maji yenye kalsiamu usiitumie kabisa. Na ile iliyoyeyushwa kwa lignokaini, dawa ya ganzi, ni ya msuli peke yake. Fundisha jambo moja kwa wakati, dakika kumi baada ya makabidhiano ya zamu, ukiwa umeshika ampuli yenyewe. Projekta haina kazi hapa.

Wakati wa kuruhusiwa usipite haraka. Bahasha iliyoandikwa "1x2" mwingine ataielewa kidonge kimoja kwa siku mbili. Andika "kimoja saa 2 asubuhi, kimoja saa 2 usiku", kwa saa anazozitumia nyumbani hata kama chati imeandikwa 20:00, kisha mwombe akuelezee yeye atakavyomeza. Dawa zilizosimamishwa zitaje kwa kidonge chenyewe kutoka kwenye mfuko, la sivyo atarudi nyumbani kuendelea nazo pamoja na mpya.

Twende kwenye karatasi yako. Fomu nyingi ninazoletewa na wanafunzi zina matatizo yaliyopatikana tu. Mtu ana matatizo 150 ya dawa na hawezi kusema yametoka kwa wagonjwa wangapi. Huo hauwi utafiti, haijalishi grafu zimependeza kiasi gani. Jaza fomu kwa kila mgonjwa uliyempitia, hata asiye na tatizo lolote. Yule asiye na tatizo ndiye anayekupa uwiano. Mgonjwa akilazwa mara mbili, hesabu ya kwanza tu, au amua mapema vinginevyo na uandike kwenye pendekezo.

Safu zinazotakiwa: namba ya siri ya mgonjwa, umri, jinsia, uzito, kreatinini na tarehe yake, idadi ya dawa, dawa yenye tatizo, aina ya tatizo, sababu, ulichopendekeza, na matokeo. Matokeo yagawe sehemu tatu: daktari alikubali kwa mdomo, chati ilibadilishwa, dozi iliyofuata ilibadilika kweli. Ukiandika "alikubali" pekee utapata asilimia nzuri ambazo mgonjwa hakuziona. Kwa ukubwa wa madhara tumia ngazi za NCC MERP, baraza la Marekani la makosa ya dawa, A hadi I, ambapo A ni mazingira yanayoweza kuleta kosa na I ni kifo. Wewe usijipimie mwenyewe. Watu wawili wapitie faili 30 kila mmoja peke yake, kisha mpige kapa, kipimo cha mnavyokubaliana. Ikiwa chini ya 0.6, maelezo ya fomu hayajaeleweka, yarekebisheni kabla ya kuanza.

Idadi ya sampuli: wengi wananakili 384 bila kuangalia wodi yao. Kanuni ni 1.96² × p × (1 − p) ÷ d², p ikiwa uwiano unaoutarajia na d kiasi cha kukosea unachokubali. Kwa p ya 0.5 na d ya 0.05 unapata 384.16, unapandisha iwe 385, na ukiongeza kwa ajili ya mafaili pungufu ya asilimia 10 (gawanya kwa 0.9) unafika 428. Una miezi miwili na wodi inalaza 120 kwa mwezi? Hutafika. Chukua d ya 0.07, inakuwa 196, na pamoja na mafaili pungufu 218. Eleza kwa uwazi kwa nini umechagua hivyo, hakuna mtahini atakayekulaumu.

Mada? Kwa muda wako ningechukua moja kati ya mbili. Ya kwanza, dozi zisizorekebishwa kwa wagonjwa wenye figo dhaifu, data yote ipo kwenye faili. Ya pili, antibayotiki kwa makundi ya AWaRe ya Shirika la Afya Duniani, yaliyoanza 2017: la kwanza la kutumika, la kuangaliwa, na la akiba. Seftriaksoni ipo kundi la pili, jentamaisini na amoksisilini la kwanza, na lengo la dunia ni asilimia 70 ya matumizi yatoke kundi la kwanza ifikapo 2030. Usiishie kuhesabu. Angalia kama kilichoandikwa kinafuata Mwongozo wa Taifa wa Matibabu, kama kuna tarehe ya kusimamisha, na kama majibu ya kuotesha yaliporudi kuna aliyebadilisha dawa.

Kibali anza leo, siyo ukimaliza fomu. Kama upo hospitali ya KCMC unapitia kamati ya maadili ya chuo. Hospitali ya Mawenzi, au Mount Meru kwa wenzako wa Arusha, utahitaji pia barua ya mganga mfawidhi. Orodha inayounganisha jina na namba ya siri ikae kwenye daftari linalofungiwa, mbali na Excel. Na ukikutana na dhara la dawa, kama aliyebabuka ngozi baada ya kotrimoksazoli, ripoti TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, siku hiyo hiyo kwa fomu ya njano au mtandaoni. Usiliweke likasubiri uchambuzi wako.

Kwenye Excel, mstari mmoja uwe tatizo moja, na karatasi ya pili mstari mmoja uwe mgonjwa mmoja, zote zikiunganishwa na namba ya siri. Ukichanganya hizo mbili kwenye karatasi moja, mgonjwa mwenye matatizo manne atahesabiwa mara nne kwenye wastani wa umri.