Kuku wamemaliza bustani, na mbolea yao imeunguza sukuma wiki

Swali: Daktari, habari za kazi. Mimi niko Tororo, uwanja wangu nyuma ya nyumba ni mita 10 kwa 12 hivi. Nina kuku wa kienyeji 14, migomba michache na tuta la sukuma wiki. Tangu mvua zianze, chini pamebaki tope tupu lenye harufu. Nilikwangua kinyesi bandani nikakimwaga kwenye sukuma, majani yakaungua pembeni. Sasa vifaranga wa mwezi mmoja wanaharisha damu, wawili wameshakufa. Nianzie wapi?

Jibu: Nzuri, mama, na pole kwa hao wawili. Anza na vifaranga leo hii, bustani itasubiri.

Kifaranga wa wiki tatu hadi sita akiharisha damu wakati wa mvua, mara nyingi ni koksidiosisi. Vimelea vyake hutoka na kinyesi cha kuku wakubwa, ambao wenyewe huwaoni wakiumwa. Vikipata joto na unyevu, siku moja au mbili zinatosha kuvifanya viweze kuambukiza. Kwa hiyo hilo tope ndilo linalokuulia vifaranga. Watenge na wakubwa, uwaweke mahali pakavu. Duka la dawa za mifugo uliza amproliamu, uwachanganyie kwenye maji kwa kipimo na siku zilizoandikwa kwenye pakiti, na siku hizo wasinywe maji mengine. Usinunue antibiotiki kwa kubahatisha, maana ugonjwa huu hauletwi na bakteria. Akifa mwingine, mpeleke mapema kwa afisa mifugo ampasue. Utumbo ukionekana, tutajua kama ni huo au ni kitu kingine.

Baada ya hapo tia nguvu kwenye sakafu ya banda, kwa sababu harufu, ugonjwa na mbolea vyote vinaanzia pale. Tandika makapi ya mpunga unene wa sentimita 5 hadi 10. Butaleja si mbali na kwako, na kwenye vinu vya kule, karibu na skimu ya mpunga ya Doho, makapi hayakosekani. Maganda ya kahawa kutoka upande wa Mbale nayo yanafaa sana, mradi yawe makavu, yasiwe na ukungu, maana ukungu huharibu mapafu ya kuku. Kila baada ya siku chache chota konzi moja ya matandiko uifinye. Ukifungua kiganja ikabaki donge, yana maji mengi: geuza, ongeza makavu. Ikishikana kidogo kisha ikavunjika, uko sawa. Angalia hasa chini ya chombo cha maji. Kipandishe juu ya matofali kifikie usawa wa mgongo wa kuku, utashangaa jinsi tope la bandani litakavyopungua.

Ukiyatoa hayo matandiko, usiyapeleke mbogani moja kwa moja. Kinyesi kibichi cha kuku kina nitrojeni na chumvi nyingi, na ndicho kilichounguza sukuma yako. Kiondoe kilichobaki juu, mwagilia maji mengi, majani mapya yatatoka mazima. Kingine kirundike na majani makavu mara mbili au tatu ya ujazo wake, lundo lifike mita moja kila upande. Lifunike mvua isilioshe, ulipe maji kidogo likikauka. Chomeka fimbo katikati: ukiichomoa iwe ya moto. Ikipoa, geuza lundo. Kwa kawaida miezi miwili au mitatu inatosha, na utaijua mbolea iliyoiva kwa kunusa, inanuka udongo. Mboga za kachumbari zisiguse kinyesi kibichi kabisa, kwa sababu ya salmonela, bakteria wanaoharisha watu.

Sasa uwanja. Kuku 14 wakishinda kila siku hapo hapo, hakuna nyasi zitakazostahimili, kwa sababu hawali tu, wanachakura. Tuta la sukuma lizungushie wavu au matete, wasiingie kabisa. Sehemu iliyobaki igawe mara mbili, upande mmoja upumzike wiki nne hadi sita wakiwa upande wa pili. Upande unaopumzika mwagie mbegu za mchicha na mtama, mvua hizi zitaziotesha upesi. Mimi napenda pia wafunguliwe saa kumi jioni tu, wakiwa na chakula na maji ya kutosha bandani mchana. Wakitoka jioni huwahi majani na wadudu, uharibifu unakuwa mdogo, na giza likiingia wanarudi wenyewe. Migomba waachie, ila mizizi yake iko juu juu: panga mawe makubwa kuzunguka kila shina, wasifukue matandazo.

Hukutaja chanjo ya mdondo (kideri). Kama hawajachanjwa, tafuta ile ya I-2, tone moja jichoni, irudiwe kila miezi mitatu au minne. Wakubwa walio wazima wapewe sasa. Vifaranga subiri wapone kwanza.